Malkia Asiyekula

Saa tatu asubuhi, foleni ya mandazi ya Kathini pale Kongo, Kawangware, ilikuwa imepinda hadi mlangoni kwa kinyozi. Mafuta yalichemka, moshi uliwaingia wateja machoni, na spika ya duka la simu ng'ambo ya barabara ilitangaza bei kwa sauti iliyowachosha hata wauzaji wenyewe. Kathini aliopoa mandazi, akayafunga katika karatasi zilizochapishwa upande mmoja, akayakabidhi bila kumtazama mtu usoni.

Mbele ya foleni alisimama Nekoye, fundi wa sare za shule, msichana wa miaka ishirini na minne. Alivaa sketi ya buluu aliyoishona mwenyewe, yenye mifuko miwili mirefu, na utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni kama mkufu. Alipokuwa akingoja chenji, aliisoma karatasi iliyofunga mandazi yake.

"Kathini, umesoma hii?"

"Mimi hufunga mandazi. Karatasi ni ya kunyonya mafuta."

"Ati Malkia Serafenya wa Majivu ametembea jangwani siku saba, usiku na mchana, gauni lake jeupe la hariri likipepea." Nekoye aliinua macho. "Siku saba. Hajakula, hajakunywa maji, hajaenda choo. Na gauni bado ni jeupe. Nani anamfulia?"

Watu wa foleni walicheka. Nyuma yake mtu mmoja hakucheka.

"Hahitaji kula," mtu huyo alisema. "Ana nguvu za kichawi."

Nekoye aligeuka. Alimwona kijana mrefu aliyevaa koti la suti la kijivu, koti la mitumba ambalo bila shaka marehemu fulani wa Ulaya, mwenye mabega mapana kuliko yake, alikaribia kuzikwa nalo kabla halijafika sokoni. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimesuguliwa kwa mswaki, ila chini, kwenye soli, vilibeba tope jeusi la mtaro. Kwapani alibana furushi la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Na wewe unamjua huyu malkia?"

"Mimi ndiye nilimwandika."

"Pole," Nekoye alisema. "Sasa mwambie akule."

Jina la kijana lilikuwa Osewe. Alikuwa amekuja kumletea Kathini karatasi kuukuu za ofisini, naye Kathini alimlipa kwa mandazi sita. Hivyo ndivyo kazi ya mwandishi huyu ilivyothaminiwa mahali pekee ambapo watu waliishika kwa mikono.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa, kwa maana mtu mwenye akili timamu hawezi kuikisia. Katika nchi za mbali wako watu wazima, wenye ajira, miwani na watoto, ambao kila jioni huketi mbele ya kompyuta na kuingia katika michezo ya mtandaoni, ambamo wao ni wafalme, wachawi na wapiga mishale. Kila mmoja wao anataka mhusika wake awe na maisha ya nyuma: alizaliwa wapi, nani alimtenda vibaya, kwa nini ana kovu. Wameshindwa hata kujitungia huzuni yao wenyewe, kwa hiyo huiagiza. Antony, mwenye ofisi moja huko Olympic, upande wa Kibera wenye nyumba za mawe, juu ya duka la dawa, alizipokea oda hizo na kuwagawia vijana wanne waliojua kuandika. Ukutani alikuwa amebandika sheria moja: MZAZI AFE UKURASA WA KWANZA. Kwa miaka mitatu Osewe alikuwa ameitii. Aliwaua akina mama mia nne na kitu, kwa moto, kwa sumu, kwa mazimwi, na hakuwahi kumwandika hata mmoja aliyeamka asubuhi akawasha jiko.

Aliandika kwanza kwa Kiswahili. Antony alizichapisha rasimu hizo, akazichorachora kwa kalamu nyekundu, kisha maandishi yakageuzwa Kiingereza na kutumwa. Karatasi zilizobaki zilikuwa ndizo furushi la Kathini.

"Unaishi wapi, mwandishi wa malkia?" Nekoye aliuliza walipotoka kwenye foleni.

"Olympic."

Osewe hakuishi Olympic. Alifanya kazi Olympic, kisha kila jioni alishuka hadi Soweto West, katika chumba cha mabati alichokaa na mama yake, Risper, muuza omena. Lakini mtu aliyezoea kuwatungia watu asili hawezi kujinyima yake mwenyewe. Nekoye alitazama soli za viatu vyake, kisha akatazama uso wake.

"Olympic ni pazuri," alisema tu. "Nipe namba yako. Nitakupigia nijue kama amekula."

Akapiga kweli, siku iliyofuata, saa nne.

"Niaje, mwandishi. Malkia amekula?"

"Amekula tunda la dhahabu."

"Dhahabu inavunja meno. Mpe kitu ya maana. Na hiyo gauni, ina mifuko?"

"Malkia hana haja ya mifuko, Nekoye."

"Ufunguo wa jumba anaweka wapi? Kwa nywele?"

Osewe alikasirika, akakata simu, kisha akakaa dakika kumi akifikiria ufunguo. Jioni hiyo Malkia Serafenya alipata mifuko miwili mirefu. Mteja wa Kanada, ambaye ndiye aliyekuwa Malkia Serafenya kila baada ya kazi, alijibu kwamba hakuwahi kusoma jambo la kusisimua kiasi hicho. Mifuko. Mtu mzima alisisimuliwa na mifuko.

Simu zikawa za kila siku. Nekoye alipiga akiwa na pini mdomoni, naye Osewe aliinama chini ya meza ili Antony asimsikie.

"Switi, hiyo zimwi yako inalala wapi?"

"Pangoni."

"Na mavi yake?"

"Nekoye."

"Nauliza tu, mpenzi. Mtu lazima afagie."

Mtu asidhani kwamba Osewe alipendwa kwa sababu ya kipaji chake. Nekoye hakukiona kipaji chochote. Alimpenda kwa sababu alikuwa msikivu, kwa sababu kila alipomcheka alirudi akiwa amerekebisha kosa, na kwa sababu alikuwa na shingo ndefu nzuri ambayo lile koti baya halikuweza kuiharibu. Siku moja, mchana, Osewe alikwenda kwenye kibanda chake cha ushonaji, akasimama karibu na cherehani iliyokuwa ikitoa kelele.

"Nekoye, mimi nakupenda."

"Sema tena, sijaskia."

"Nakupenda!" alipaza sauti, na hapo hapo Nekoye akauinua mguu wake kutoka kwenye kanyagio. Kongo nzima ilisikia. Kinyozi alizima mashine yake ili asikose jibu.

"Nilikuskia ya kwanza," Nekoye alisema, akakata uzi kwa meno. "Nilitaka tu mashahidi."

Basi akaalikwa nyumbani. Nyumba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, nadhifu, chenye pazia la maua katikati. Mama yake Nekoye aliitwa Phanice. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye mikono iliyopauka kwa sabuni, kwa maana aliwafulia watu nguo huko Lavington. Siku za Jumatatu na Jumatano, saa nane, alihudhuria darasa la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza wasome kila karatasi inayowafikia, kwa hiyo Phanice alizinyoosha karatasi za mandazi kwa kiganja, akazikausha dirishani, akazisoma kwa kidole, neno baada ya neno, zikiwa na habari yoyote ile. Hakuwaona mazimwi kuwa wa ajabu. Aliwaona kuwa maneno magumu.

Phanice alipakua ugali na mrenda. Osewe aliona kwamba alipakua sahani nne. Watu walikuwa watatu. Sahani ya nne ilikuwa ndogo, ya bati, na aliifunika kwa kitambaa, akaiweka juu ya kabati bila kusema neno.

Osewe hakuuliza pale. Aliuliza siku tatu baadaye, umeme ulipopotea na Nekoye akaketi nje ya kibanda akipiga shati pindo kwa mkono.

"Ile sahani ndogo ni ya nani?"

Nekoye alivuta uzi, akafunga fundo.

"Nikwambie, lakini hii ni yako na yangu. Hata majirani hawajui. Wanajua mama ana mtoto mmoja."

"Naapa."

"Usiape. Nyamaza tu." Akamweleza. Baba yake huko karibu na Webuye alikuwa mtu wa kupiga. Asubuhi moja Phanice alitoroka akiwa amembeba Nekoye, aliyekuwa bado ananyonya. Mwanawe mkubwa, Lusweti, wa miaka mitatu, alimwacha kwa nyanyake, kwa kuwa mikono yake ilitosha mtoto mmoja. Aliahidi kumrudia Desemba. Oktoba mtoto akashikwa na malaria. Habari ilimfikia Phanice Kawangware mtoto akiwa amekwisha kuzikwa. "Tangu hiyo siku anampakulia. Asubuhi anakula hiyo chakula mwenyewe. Hatuongeangi hiyo maneno."

Osewe alimshika mkono. Macho yake yalilowa kweli, hilo hatumnyimi. Siku hiyo hiyo walikubaliana kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi yeye na mama yake wangekuja nyumbani kwa Phanice kujitambulisha rasmi.

Kiapo chake kilidumu siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili Antony alimwita. Antony alivaa suruali iliyobana hadi ikaonyesha umbo la funguo zake, na marashi yake yaliingia chumbani kabla yake.

"Kastoma wa Kanada anataka mama wa malkia," alisema. "Lakini hataki afe. Wa kufa wamemchosha. Anataka mama mwenye aliharibu kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui, bana. Wewe ndiye unaandika. Anataka uchungu. Mpe uchungu."

Osewe aliketi mbele ya kompyuta. Alijaribu sumu, akafuta. Alijaribu laana, akafuta. Kisha vidole vyake vikaandika sahani, na baada ya hapo aliandika saa mbili bila kuinua kichwa. Alipomaliza alijiona amefanya jambo kubwa. Wezi wa aina hii ndivyo wanavyojiona. Yule anayeiba kuku walau hutembea akitazama nyuma.

Tena alikuwa mvivu. Mama wa malkia alimwita Fanisa. Mtoto aliyeachwa alimwita Luswe. Sahani ya bati akaigeuza kuwa ya fedha. Na kwa kuwa kuacha mtoto hakungemtosha Antony, aliongeza kwamba Fanisa alimuuza mwanawe kwa mvuvi wa mizimu ili avushwe Bahari ya Majivu, na kwamba alizihesabu sarafu alizoongezwa huku mtoto akilia. Antony aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Safi sana.* Siku ya Jumanne Osewe mwenyewe, kwa mikono yake, alilifunga furushi la karatasi kwa kamba ya katani, akalipeleka kwa Kathini, akaondoka na mandazi yake akipiga mluzi. Karatasi iliyokwisha kutumwa Kanada kwake ilikuwa taka, na taka haina wasomaji.

Jumatano asubuhi Phanice alinunua mandazi manne.

Karatasi iliyoyafunga aliisoma mara tatu, kidole kikitambaa juu ya madoa ya mafuta. Hakulia. Aliikunja, akaitia ndani ya daftari lake la darasani, akaenda kazini Lavington, akafua mashuka ya watu. Saa nane hakwenda darasani. Nekoye aliporudi kula chakula cha mchana alimkuta ameketi kitandani, daftari magotini.

"Nisomee hii," Phanice alisema. "Mwalimu anasema mimi huruka maneno. Labda nimeruka."

Nekoye alianza kusoma kwa sauti, haraka, kwa kuwa aliutambua mtindo na alitaka kucheka. Alipofika kwenye jina la Fanisa alipunguza mwendo. Alipofika kwenye sahani ya fedha akaishusha karatasi.

"Soma tu."

Akasoma.

"Imeandikwa nilimuuza?"

"Imeandikwa hivyo, mama."

"Basi nilisoma vizuri," Phanice alisema. Akaichukua karatasi yake, akairudisha daftarini. "Ni nani ulimwambia?"

"Osewe."

"Yule wa Jumamosi."

"Yule."

Phanice akainuka kuwasha jiko. Nekoye alitoka nje, akasimama kando ya ukuta wa kanisa, akapiga simu. Osewe alipokea kwa furaha.

"Sasa, roho yangu. Leo malkia amekula na hata..."

"Mama yangu aliuza Lusweti?"

Osewe alisukuma kiti nyuma, akainama chini ya meza.

"Umeskia vile nimeuliza?"

"Nekoye, ngoja. Hiyo ni stori tu. Si yeye. Huyo anaitwa Fanisa."

"Fanisa."

"Na sahani yake ni ya fedha. Ya mama yako ni ya bati. Ni vitu tofauti kabisa, mpenzi."

"Kwa hivyo ulibadilisha sahani," Nekoye alisema. "Mtu mzima. Ulikaa chini, ukafikiria mama yangu, ukaona kile kinahitaji kubadilishwa ni sahani."

"Kastoma alitaka..."

"Mama amejifunza kusoma miaka miwili, Osewe. Miaka miwili. Hii ndio kitu ya kwanza amewahi kusoma juu yake." Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Osewe kuliko kelele. "Jumamosi msikuje."

Wiki iliyofuata Osewe alifanya kila ambacho watu wa namna yake hufanya. Alituma mioyo myekundu kwenye simu. Alituma barua ya kurasa nne, ambamo alizama katika bahari ya machozi na kutambaa juu ya miiba. Nekoye aliirudisha kupitia kwa Kathini, ikiwa na mstari mmoja chini ya *bahari* na maneno machache pembeni: *Kawangware hakuna bahari. Umekula?* Osewe aliiona dhihaka tu. Hakuona kwamba mwanamke aliyemaliza naye kabisa asingeuliza swali hilo.

Alimwendea Antony, akaomba hadithi ya Fanisa iondolewe.

"Iondolewe wapi? Ilishauzwa. Si yako, si yangu."

"Ni ya mtu, bosi. Ni maisha ya mtu."

"Maisha ya nani sasa?" Antony alicheka hadi koti lake likafunguka. "Si ungesema mapema, tungeongeza bei."

Basi akamwandikia mteja mwenyewe. Alikiri kwamba mama yule alikuwa hai, kwamba hakumuuza mtu, kwamba yeye Osewe alidanganya. Aliandika mistari sita tu, bila bahari. Jibu lilikuja kabla ya saa moja kupita. Mteja alifurahi kupita kiasi. Ilikuwa ya kweli, kumbe, alisema, na ndiyo sababu alihisi vile. Sasa alitaka sura saba nyingine kuhusu mama huyo. Alitaka kujua alinukia nini. Alitaka kujua kama mtoto alimlilia kwa jina. Alimaliza kwa kumtakia Osewe siku njema.

Osewe alisoma ujumbe huo akiwa ameketi chini ya ile sheria ya ukutani. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu aliona kitu ambacho muuza mandazi asiyesoma angekiona kwa mtazamo mmoja: kwamba kule mwisho wa kazi yake kulikuwa na mdomo uliofunguliwa, haukushiba, na haukujua kilichokuwa kikitiwa ndani yake. Naye ndiye aliyekuwa akiulisha, kwa kijiko, kutoka sahani ya mtoto.

Akavuta kiti, akaandika.

Aliandika sura moja badala ya saba. Katika sura hiyo Malkia Serafenya alipata habari kwamba msimulizi aliyemwambia juu ya mama yake alikuwa mwongo wa mjini, mwenye koti kubwa. Fanisa hakumuuza mwanawe. Alikuwa na mikono miwili na watoto wawili, na nyuma yake palikuwa na mtu mwenye fimbo. Malkia aliteremka mlimani. Gauni lake lilikuwa chafu, akalifua kwa sabuni ya kipande, akalianika. Akaingia kwa mama yake, akapakuliwa ugali na mrenda, akala, akaongezwa, akala tena. Hakuna zimwi lililokuja. Jioni walichambua maharage.

Mteja alijibu kwa maneno mawili: haina kitu. Akaenda kutafuta huzuni kwingine, na Antony akasimama mlangoni akiwa amefura.

"Umemuua malkia wa Kanada."

"Sijamuua. Nimempa chakula."

"Toka."

Osewe akatoka. Hakuchukua furushi lolote. Alichukua karatasi moja.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Phanice alikuwa wa tano katika foleni ya mandazi. Osewe alimjia bila lile koti, akiwa na shati la kawaida lililopigwa pasi. Nekoye, aliyekuwa mlangoni pa kibanda chake ng'ambo, alimwona, akasimamisha cherehani.

"Mama, habari ya asubuhi," Osewe alisema, akiinama kidogo. "Nimeleta hii. Haijafungiwa mandazi."

Phanice aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. Akaipokea. Akaanza kusoma hapo hapo, kwa kidole, akisogea hatua moja kila foleni iliposogea.

"Mama, songa basi," mtu wa nyuma alinung'unika.

"Anasoma," Kathini alisema bila kuinua uso. "Pita mbele kama una haraka."

Watu tisa walimpita. Osewe alisimama kando, jua likimpiga kisogoni, na hakuthubutu kumsaidia kwenye neno gumu hata moja.

"Hapa," Phanice alisema hatimaye. "Umeandika hakumuuza."

"Ndiyo, mama."

"Nani amesoma hii?"

"Mtu mmoja tu, yule aliyesoma ile ingine. Amekasirika. Anasema haina kitu."

"Haina kitu." Phanice aliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Hakumuuza, na wao wanasema haina kitu." Kwa mara ya kwanza kinywa chake kilipinda kwa dharau, na dharau hiyo, iliyokuwa halali yake, haikumwangukia Osewe peke yake, ilivuka mabati ya Kongo, ikaenda mbali sana. Kisha akakirudisha kidole kwenye karatasi.

"Lakini umekosea mahali. Umeandika alimwacha mtoto akiwa amelala."

"Nilifikiria..."

"Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi mlangoni, ananiangalia. Hakulia. Alinipungia mkono, alifikiri naenda mtoni."

Mkono wa Osewe, kwa mazoea ya miaka mitatu, ulikwenda kwenye mfuko wa shati mlimokuwa na kalamu. Phanice aliuona. Mkono ukasimama njiani, ukarudi chini.

"Niirekebishe, mama?"

"Usiandike," Phanice alisema. "Nimekuambia ujue tu."

Aliikunja karatasi, akaitia kifuani, akanunua mandazi yake manne. Alipofika mlangoni pa kibanda cha ushonaji alimwambia binti yake, bila kusimama, "Jumamosi wakuje. Na yeye aache kalamu kwao."

Nekoye alivuka barabara. Alisimama mbele ya Osewe, mikono ndani ya mifuko yake mirefu.

"Amekula?" aliuliza.

"Mara mbili."

"Na wewe?"

"Tangu jana, hapana. Nekoye, sina kazi. Antony amenifukuza. Nataka kukuoa, na sina kazi."

"Unaposa mtu kwa foleni ya mandazi, na hujanunua hata moja."

"Nina ya chai tu mfukoni."

"Kathini," Nekoye aliita. "Mpe huyu mtu mawili. Na usifunge na karatasi."

Jumamosi Risper alivaa kitenge chake cha kanisani, akabeba omena bora kabisa katika mfuko mpya, akaketi wima kwenye kochi la Phanice kama mtu anayepigwa picha. Chai ilinywewa. Kisha Phanice, aliyekuwa mwenyeji na mzazi pekee wa upande wake, akasema kama inavyosemwa: "Sasa wageni, mtuambie ninyi ni nani na mmetoka wapi."

Risper alimtazama mwanawe. Na yule aliyekwisha kuwatungia watu mia nne asili zao, wafalme na wachawi, wenye makovu na bila makovu, alikaa akiitafuta yake mwenyewe mpaka jasho likamtoka.

"Mimi ni Osewe," alisema. "Baba yangu alikuwa mpakia mizigo. Alifariki. Mama yangu huyu huuza omena. Tunakaa Soweto West, chumba kimoja." Akamgeukia Nekoye. "Si Olympic."

"Nilijua siku ya kwanza," Nekoye alisema. "Viatu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uandike vizuri."

Risper alicheka hadi akaweka kikombe chini. Phanice hakucheka, lakini alinyanyuka kupakua. Alipakua sahani tano. Nne alizigawa. Ya tano, ndogo, ya bati, hakuifunika wala hakuipeleka kabatini. Aliiweka mezani, katikati yao, mahali ambapo mtu wa miaka mitatu angeifikia.

Risper, asiyejua lolote, alimtazama mwanawe kama anayetaka kuuliza. Osewe alitikisa kichwa kidogo sana. Akanawa mikono, akakata ugali, akala kimya.